Mwalimu Aliyegawa Vitu Vyake

Nangila Consolata Khisa ni binti ya Khisa, yule aliyepitisha mfereji wa maji katikati ya jiwe ambalo mafundi wa serikali walilitazama wakapanda gari wakaenda zao. Khisa ni mwana wa Wabwile, aliyetoka Kimilili kwa miguu hadi Kisumu kuchukua kengele ya kanisa, akaibeba begani huku ameifunga ulimi kwa kitambaa, isije ikalia mahali ambapo si kwao. Mama yake Nangila ni Rispah, aliyewapikia masista wa kutoka Meksiko pale misheni karibu na Saboti, mpaka masista hao wakawa wanagombania mboga ya kunde. Mimi ni senge yake, dada ya Khisa. Kwa hivyo nikitaja ukoo huu sikopi maneno ya mtu, natembea ndani ya boma letu wenyewe.

Kwetu mtoto aliyezaliwa safarini huitwa Nangila. Huyu wetu alizaliwa kando ya barabara kati ya Kitale na Kamukuywa, mvua ikinyesha, Rispah akienda nyumbani kuzaa na asifike. Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa huku na huku. Nyumba ya kwao iko Bungoma, juu ya Kimilili, unapopanda kama unaenda Kapsokwony. Kazi yake iko Kitale. Ukimtafuta hapa, yuko kule.

Kihispania alikiokota jikoni. Akiwa mdogo alikuwa anaketi chini ya meza ya masista akimenya viazi, na maneno yao yanampita juu ya kichwa kama moshi. Siku moja sista mmoja aliuliza chumvi iko wapi, na mtoto akamjibu kwa lugha yake kutoka chini ya meza. Sista akaruka. Masista waliporudi kwao walimwachia Rispah kikombe cha bati cha rangi ya buluu, kilichobambuka kidogo mdomoni. Rispah alikipenda kile kikombe kuliko sahani zote za nyumba.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichompata. Mtu akishazikwa, inafika siku ya kunyoa nywele. Watu wa nyumba wananyolewa, kisha mzee mmoja anasimama uani na vitu vya marehemu. Anainua kitu, anakitaja, anamtaja wa kukipokea. Koti, kwa fulani. Jembe, kwa fulani. Anayeitwa anakuja na mikono miwili. Yule wa mwisho akishapokea na kuondoka na chake, basi, kugawa kumefungwa. Marehemu hana tena kitu cha kurudia, na walio hai wanaanza kusema "alikuwa." Rispah alipofariki, kikombe cha buluu kiliitiwa Nangila. Ndicho alichokuwa akinywea chai Kitale miaka yote hii.

Darasa lake liko kwenye chumba juu ya duka la Ajit, Mhindi anayeuza mabati na misumari karibu na soko. Kila Jumamosi alasiri wanapanda ngazi vijana wa sekondari, wengi wao wakimbiaji. Siku hizi wakimbiaji wetu wanaalikwa Uhispania, na mtoto akifika kule bila lugha atasainishwa hata kifo chake. Nangila alisema hilo halitampata mtoto yeyote aliyepita mikononi mwake. Alikuwa mwalimu mkali, lakini mkali wa kuchekesha, na walimpenda.

Kilichowashinda ni jambo la kumpa mtu kitu. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimetoka Bungoma na ndizi na unga wa wimbi, nikaketi nyuma kungoja amalize twende kwake. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kwa Kihispania, kama nilivyoelewa, ukisema unatoa kitabu lazima kwanza uweke kineno kidogo cha kumwonyesha anayepokea. *Le doy.* Nampa. Vijana walikuwa wanatoa kitabu tu, kinabaki kinaelea hewani.

"Kizito," Nangila akamwambia kijana mrefu wa mbele, mwenye mdomo, "kitabu kinaenda kwa nani?"

"Kwa Cherop, tichee."

"Mbona umemwacha nje? Kwa Kiswahili unasema 'napa kitabu'?"

"Zii. Nampa."

"Hiyo 'm' ni nani?"

"Si ni Cherop."

"Basi na huku mwingize. Kabla hujainua kitu, mwenye kupokea awe ameshaingia mlangoni."

Nilimsikia akisema hivyo, na mgongo wangu ukaniambia jambo, lakini nikadhani ni baridi ya mvua.

Walijaribu tena, wakakosea tena. Ndipo akafikiria njia yake. Alikumbuka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusahau nani amepokea nini. Aliona aibu kutumia vitu vya watoto, kwa hivyo akaweka vyake mezani: koti la baridi, saa ya mkononi, kitambaa cha kichwa, mwavuli, miwani, na mwisho kikombe cha buluu. Akawaambia wapange mstari. Kila mmoja ainue kitu, akitaje, amtaje wa kukipokea, naye aje na mikono miwili.

Kizito akatangulia. *"Le doy el abrigo a..."* akajifanya anatafuta, halafu akajitaja mwenyewe, akalivaa koti. "Ai, bana! Marehemu alikuwa na koti noma!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nangila naye akacheka. Mimi nikasimama.

"Nangila, acha."

"Senge, ni mchezo wa darasa."

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa. Si ndio maana ni mchezo?"

"Vitu vya mtu aliye hai haviitwi hivyo. Wewe umekuwa uani kwetu, unajua."

"Senge yangu, keti. Angalia jinsi wameelewa!"

Na ni kweli, walikuwa wameelewa. Hakuna hata mmoja aliyesahau kile kineno. Kitu, jina. Kitu, jina. Sijui Kihispania, lakini mwendo ule niliujua. Nimeusikia kwa baba yangu na kwa kaka yangu, na kwa Rispah. Saa ikaenda, kitambaa kikaenda, mwavuli, miwani.

Kikombe kikabaki kwa Cherop. Huyu ni msichana wa Kisabaoti, kutoka Kapsokwony, mtoto wa maneno machache anayekimbia milimani kama anayekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Wenzake wote walikuwa wameshapata. Akaangalia huku na huku, kisha akageukia dirishani, palipokuwa na kiti na dawati bila mtu.

*"Le doy la taza a la señora,"* akasema, akakiweka pale kwa mikono miwili.

"Vizuri kabisa!" Nangila akapiga makofi. "Sikieni hiyo. Mama yupi huyo?"

"Huyo wa aproni."

Wakacheka. Kizito akasema, "Cherop, leo ulikula nini?"

Cherop hakucheka. "Si huyo anapangusa mikono."

Nangila akageuka. Mimi pia. Kiti kilikuwa kitupu. Juu ya dawati palikuwa na alama ya maji ya mviringo, ya kitako cha kikombe. Kikombe hakikuwepo. Walikitafuta chini ya madawati, kwenye mifuko, kwenye ngazi. Kizito aliapa kwa mama yake kwamba si yeye, na nilimwamini, maana sura yake ilikuwa imepauka.

Nilimwambia Nangila achukue vitu vyake papo hapo. Akasema watoto wanakwenda navyo nyumbani, Jumamosi ijayo wavirudishe wakieleza nani aliwapa nini, ndiyo kazi ya nyumbani. Ukaidi huo ni wa Khisa. Jiwe lililovunjwa na baba yake lilikuwa laini kuliko kichwa chake.

Nikabaki Kitale. Sikutaka kumwacha.

Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Kuku wa jirani, ambao humkimbia kila mtu, walikuwa wakiendelea kudonoa hata yeye akipita katikati yao. Mbwa wa lango hakuinua sikio. Alisimama barabarani akiinua mkono, na watu wa bodaboda wakapita, mmoja baada ya mwingine, macho mbele. "Leo wana maringo," akasema. Niliinua mimi mkono wangu wa kizee, wa kwanza akasimama. "Kukhu," akaniita, yaani nyanya, "unaenda wapi?" Nikamwambia tuko wawili. Akaangalia nyuma yangu, akasema, "Sawa, mwenzako akija tutaondoka." Nangila alikuwa ameshaweka mguu kwenye pikipiki.

Asubuhi ya Kitale ina baridi, ukisema neno unaona pumzi yako. Tukiwa tunaota moto mlangoni niliona yangu inatoka kama ya ng'ombe. Nangila alikuwa ananisimulia habari za shule, anaongea, anaongea, na mbele ya mdomo wake hakukuwa na kitu.

Sikumwambia. Nikaenda kanisani nikapiga magoti, kwa maana mimi ni Mkristo na sina biashara na mambo ya giza. Nilipotoka, nikapita dukani kwa Ajit pamoja na Nangila. Ajit alitoka nyuma ya kaunta akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, pole sana kwa msiba."

"Msiba gani, Ajit?"

"Si mwalimu. Kijana mmoja amepita hapa na koti yake. Nikajua." Akatikisa kichwa. "Alikuwa mpangaji mzuri sana. Hakuwahi kelele."

Nangila alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Akasema, "Ajit, mimi huyu hapa." Akasema tena kwa sauti. Ajit akafuta macho, akaniuliza mazishi yatakuwa Bungoma au hapa.

Tulipotoka nje Nangila alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na uzito wa kitambaa. "Senge," akasema, "nimefanya nini?"

"Umejigawa," nikamwambia. "Umejigawa ukiwa hai, na watu wanapokea ulichowapa."

Jumamosi ikafika. Vijana walipanda ngazi, wakaketi. Hakuna aliyesimama kumwamkia mwalimu, naye alikuwa ubaoni ameshika chaki. Kizito alikuwa amevaa lile koti. Akamwambia mwenzake polepole, "Mwalimu alikuwa anapenda tukae mbele. Hebu tusogee."

"Alikuwa?" nikauliza kutoka nyuma.

Akashtuka. "Kukhu! Pole, sikukuona."

"Na huyu umemwona?"

Akatazama nilipoonyesha. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ndege ndani ya majani. Halafu akasema kwa wasiwasi, "Ah. Niaje, tichee," kama anayeamkia mtu ng'ambo ya mto.

Hapo nikasimama katikati ya darasa. Mimi nilimaliza darasa la saba, na la saba la wakati wetu lilikuwa na nguvu. Sikuogopa watoto wa sekondari. Nikawaambia: "Kila mtu aliyepewa kitu ainuke. Kilitoka kwa mdomo, kitarudi kwa mdomo. Mtampa mwenyewe, mkononi, mkimtaja."

"Kwa lugha gani, Kukhu?"

"Ile mliyochukulia."

Nangila akasema kitu. Sauti yake ilikuwa kama redio ambayo betri zinakwisha. Cherop peke yake ndiye aliyesikia, akawaambia wengine: "Anasema msiseme *le*. Hiyo ni ya mtu mnayemsema tu. Yeye yuko mbele yenu. Semeni *te doy*. Nakupa."

Wakaja mmoja mmoja. *Te doy*, saa. *Te doy*, kitambaa. Aliyerudisha miwani alipiga ukelele kidogo, kwa sababu alipoweka mikononi aliona mikono. Kizito alikuwa wa mwisho. Alivua koti, akalishika kama mtoto mchanga. "Nakupa, mwalimu. *Te doy.*" Halafu akabubujika machozi, yeye na mdomo wake wote. "Tichee! Kumbe uko! Si nilikuwa nimekulilia usiku, bana, si nilikuwa nimekulilia!"

Wote wakamwona. Wakamzunguka, wakamshika mabega, wakacheka kama watoto wadogo. Lakini dirisha lilikuwa wazi na baridi ilikuwa imeingia, na pumzi za wote zilikuwa zinaonekana isipokuwa yake. Kikombe kilikuwa bado kwa yule aliyepewa, na mama wa aproni anayepangusa mikono, mimi na Nangila tulijua ni Rispah, na jiko lake liko Bungoma.

"Aliyekitoa ndiye atakayekiomba," nikasema. Cherop akainamisha kichwa, akakubali.

Ajit ndiye aliyetupeleka Bungoma, kwa pikapu yake ya kupelekea mabati. Alipomwona Nangila akishuka ngazi aliketi chini kwenye gunia la misumari, kisha akainuka akatafuta funguo bila kuuliza swali. Njiani alikuwa akimwangalia kwenye kioo, kila mara, kama dereva aliyebeba mayai. Tulipopita Kamukuywa ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Nangila aliketi kati yangu na Cherop na ilikuwa kana kwamba tumeacha nafasi.

Jiko la Rispah ni la udongo, liko nyuma ya nyumba, na tangu alipofariki limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake nautunza mimi kwenye fundo la leso. Tulipolikaribia, kukawa na harufu ya chai. Chai iliyochemka sana, ya majani mengi, alivyokuwa akiipika yeye. Nikafungua. Mafiga yalikuwa baridi, majivu ya zamani, utando wa buibui kwenye mlango. Karibu na mafiga palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kile kikombe cha buluu. Kilikuwa kinatoa mvuke.

Ajit alirudi kwenye gari.

Cherop akaingia, akapiga goti kidogo kama anavyomwamkia mtu mzima. "Shikamoo, mama."

Mimi na Nangila hatukuona kitu. Tuliona msichana akisikiliza.

"Mwambie tumekuja kuomba kikombe," nikasema.

Cherop akasema. Akangoja. Akatugeukia. "Anasema hajamaliza chai."

"Mwambie mtoto wake anateseka."

"Anasema anajua. Anasema..." Cherop akasita, akamtazama mwalimu wake. "Anasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyemwekea kikombe mbele yake akiwa ameketi. Ni mimi wa kwanza. Anataka anywe taratibu."

Nangila akaziba mdomo. Ilikuwa kweli. Rispah alikunywa chai yake amesimama, mgongo kwenye mlango wa jiko, baada ya masista, baada ya Khisa, baada ya wageni, baada yetu sote. Kama kilichobaki ni machicha ya majani, alikunywa machicha.

"Akimaliza atafanya nini?" Nangila akauliza.

"Anasema ataondoka na kikombe chake."

Hapo nikaelewa. Wa mwisho akiondoka na chake, kugawa kunafungwa. Nangila naye alielewa. Alikuwepo uani kwetu zaidi ya mara moja.

"Imebaki kiasi gani?" akauliza.

Cherop akachungulia ndani ya kikombe. "Ya chini tu, tichee. Kidogo sana."

Nangila hakulia. Alipita akachukua kuni kavu pembeni, akapiga magoti kwenye mafiga, akawasha. Nilimletea maji, maziwa, majani na sukari kutoka nyumba kubwa, nikikimbia nilivyoweza. Cherop alikuwa amesimama macho kwenye kikombe, akisema, "Anakunywa. Anakunywa tena." Chai ikapanda, ikataka kumwagika. Nangila akaichukua hivyohivyo inavyochemka, akainama mbele ya kigoda, pale ambapo machoni petu hapakuwa na mtu, akamimina hadi mdomoni pale palipobambuka.

"Mama," akasema, "nakuongezea."

Na neno hilo lilipotoka, niliona pumzi yake. Ilitoka nyeupe, ikachanganyika na mvuke wa chai.

Kisha Cherop akatabasamu kidogo. "Anasema uliweka sukari kidogo."

Nangila hajarudi Kitale kukaa. Anaishi pale juu ya Kimilili, moto wa jiko hauzimwi, na kikombe hakiachwi kikapungua chini ya nusu. Kuku wanamkimbia. Mbwa wanambwekea. Watu wa bodaboda wanasimama hata asipowainulia mkono. Ameniambia amezoea, na kwamba mtu akishajua ni nani anamkarimu, kazi inakuwa nyepesi.

Siku ile kabla Ajit hajamrudisha Cherop Kitale, Nangila alimwita nje, chini ya paa la jiko, akampa chaki.

"Jumamosi utasimama wewe."

"Mimi, tichee? Mimi bado mwanafunzi."

"Somo la kumpa mtu kitu unalijua kuliko wote. Lakini usitumie vya mtu yeyote. Tumia viazi, magunzi ya mahindi, misumari ya Ajit. Vitu visivyo na mwenyewe. Kiti kisicho na mtu ukiondoe chumbani kabla hamjaanza. Na kwanza kabisa wataje jina langu, waseme niko. Si nilikuwa. Niko."

"Na mimi nikiitwa Uhispania kukimbia?"

"Utampa mwingine chaki," Nangila akasema, akirudi ndani kwa haraka maana sufuria ilikuwa inapanda. "Na siku utakayoitoa, Cherop, mwangalie vizuri anayepokea."